Mlango Uliofutwa kwenye Mchoro

Mtaani walimwita Bi Hatua. Jina hilo alilipata kiwandani akiwa msichana, akalivaa mpaka uzeeni na halikumchakaa. Ukimwuliza kinyozi yuko wapi, hakukwambia kushoto wala kulia. Alikwambia hatua mia na kumi, kisha ishirini nyingine ukishavuka mfereji. Na ukienda ukahesabu ukapata mia na nane, heri unyamaze, maana ukirudi kubishana naye atakwambia miguu yako ni mirefu kuliko akili.

Hesabu hiyo hakufundishwa shuleni. Shule aliipitia kwa nje, akichungulia. Aliyemfundisha ni mashine. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi, upande wa kusokota, na msokotaji hana kiti. Anatembea baina ya mashine mbili, kwenda na kurudi, kutwa nzima. Uzi ukikatika anaushika, anauunga, anapita. Macho yako kwenye uzi, kwa hiyo miguu ndiyo inayojua njia. Hatua kumi na mbili, nguzo. Hatua ishirini na sita, mashine inakwisha. Hatua thelathini na nane, mlango wa nyuma. Msokotaji aliyeiva ungeweza kumfunga kitambaa machoni, akaenda akarudi na asijigonge popote.

Mlango huo wa nyuma ulikuwa wa chuma, rangi ya kijani iliyobabuka, na watu wa upande ule wote waliingilia hapo na kutokea hapo. Baadaye wakubwa wakasema nyuzi zinaibwa, zinatoka zimefichwa chini ya nguo. Basi zamu ikianza mlango unatiwa kufuli, zamu ikiisha unafunguliwa. Watu wakanung'unika siku mbili tatu, kisha wakazoea. Mja huzoea.

Moto ulishika saa nne ya asubuhi, kwenye marobota ya pamba yaliyokuwa karibu na mlango wa mbele. Bi Hatua alikuwa ametumwa kupeleka vibiringo vya uzi ofisini ng'ambo ya ua, na alipogeuka akaona moshi unatoka madirishani. Mdogo wake, waliyenyonya ziwa moja, alikuwa ndani, mashine ya tatu. Watu thelathini na mmoja walikutwa pamoja nyuma ya mlango ule, wamelaliana, na kufuli iko mahali pake.

Wenye kiwanda walitoa maelezo. Walisema wafanyakazi walishikwa na kiwewe, wakakimbilia upande usio na njia. Maneno hayo Bi Hatua aliyasikia redioni, na tangu siku hiyo hayakumtoka sikioni. Kiwewe gani? Walikwenda ilikozoea miguu yao. Walihesabu thelathini na nane, na mlango ulikuwapo. Aliyekosea si aliyekimbia, ni aliyefunga.

Marehemu mdogo wake aliacha mtoto wa kike wa miaka minne. Bi Hatua, ambaye tumbo lake halikujaliwa, alimbeba akamlea kwa kufua nguo za watu na kushona magunia. Mtoto mwenyewe alikuwa mtulivu, na ukimpa kipande cha mkaa sakafu yote inajaa michoro. Akasoma. Akasoma mpaka akafika huko wanakosomea usanifu, lakini si wa majumba. Yeye alisomea mahali pa nje: bustani, njia, viwanja ambavyo watu hukaa na kukumbuka. Majirani hilo liliwapa taabu kulielewa. Mjane wa boharia, ambaye mumewe alifia mle mle kiwandani na ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Bi Hatua, alisema hakujua kuwa kuchora mahali patupu nako kunasomewa. Bi Hatua akamjibu kuwa kisichosomewa ni kusengenya tu, ndiyo maana kila mtu amehitimu. Wanawake hao walipendana hivyo, kwa miiba.

Neno moja Bi Hatua hakumwambia mjane huyo, wala mtu yeyote. Kusoma hakujui. Jina lake aliweza kuliandika, alijifunza ukubwani, herufi saba, kila moja ikisimama kwa miguu yake. Lakini zaidi ya hapo maandishi yalikuwa kwake kama minyoo baada ya mvua. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kiburi, kila asubuhi alikaa kibarazani amelifungua gazeti, akiangalia picha na kutikisa kichwa kama mtu anayesikitikia hali ya dunia. Barua ikija, ilikaa chini ya godoro mpaka mtoto arudi. Mtoto anafunga mlango, anamsomea polepole, kisha anaikunja na kuirudisha kwenye bahasha. Hilo lilikuwa lao wawili.

Ikapita miaka ishirini na minne tangu moto ule. Kiwanda kilishabomolewa, kiwanja kimebaki nyasi na vifusi. Ndipo ikatangazwa kuwa patajengwa bustani ya kumbukumbu. Familia za waliokufa zikaunda kamati, na uenyekiti akapewa Bi Hatua kwa sababu, kama alivyosema mjane wa boharia, pakitokea ukuta wa kugongwa na kichwa, chake ndicho kigumu kuliko vyote. Na ofisi iliyopewa kuchora bustani ndiyo ile aliyofanyia kazi binti yao. Watu wakaona Mungu ameipanga mwenyewe.

Binti alimchukua mama yake mkubwa wakaenda kiwanjani, yeye amebeba vigingi na kamba. Nyasi zilifika magotini. Bi Hatua alizunguka kidogo, akaikanyaga sakafu ya zamani kwa kisigino hadi akapata shina la nguzo, akasimama hapo. Kisha akafumba macho akaanza kutembea, akihesabu kuanzia kumi na mbili. Binti alimfuata nyuma akipiga vigingi. Kwenye thelathini na nane Bi Hatua akasimama, akasema chimba. Walikwangua udongo kwa mikono. Chini yake kilikuwapo kizingiti cha chuma, kimeliwa na kutu, na katikati tundu la kushushia komeo. Binti alitia kidole ndani ya tundu lile na hakukitoa kwa muda mrefu.

Mchoro wa kwanza ulizaliwa siku ile. Binti aliujenga kwa kadibodi, kitu cha kuwekwa juu ya meza, akaupeleka kwa kamati. Palikuwa na njia moja tu, upana wake ni ule ule wa baina ya mashine, watu wawili wakikutana sharti wageuze mabega. Kuta mbili za mawe, zimefika kifuani kama mashine zilivyofika kifuani. Ardhi inashuka kidogo kidogo, kiasi kwamba anayetembea hajui kuwa anashuka, ila anasikia kelele za barabara zinapungua. Majina yamechongwa ukutani usawa wa mkono, kila mtu mahali aliposimama akifanya kazi. Na mwisho wa njia, juu ya kizingiti chenyewe, mlango wa chuma, wa kijani, umefungwa. Nyuma yake miti, unaona vilele vyake lakini huifikii.

Mtu mmoja wa kamati aliuliza mbona hakuna mnara. Binti akasema mnara humfanya mtu atazame juu, na hawa hawakufia juu. Akasema mgeni atafika mlangoni, ataugusa, ataona haufunguki, atageuka na kurudi njia ile ile. Hivyo atakuwa amejua walichojua wao.

Mjane wa boharia aliinama hadi pua ikakaribia kadibodi, akasema tu kwamba rangi ni hiyo hiyo. Hapo ndipo Bi Hatua alipotoa neno lake mbele ya wote: mlango utakuwapo, na mtu asipouona, aje amwulize yeye.

Wiki nane baadaye, Jumamosi asubuhi, binti alifika nyumbani na bahasha kubwa. Bi Hatua alikuwa anafua uani, mapovu mpaka viwikoni. Binti akasema kuna karatasi inahitaji saini ya mwenyekiti, na kama kawaida yao akamsomea: familia zimeuona mchoro na zimeridhika, kazi ianze. Bi Hatua akauliza kama ni haraka. Akaambiwa ni haraka. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaandika herufi zake saba, taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Hakuuliza ni mchoro upi. Kwani ilikuwapo miwili?

Tingatinga zikaingia. Kamati ilikatazwa kukaribia, wakaambiwa ni hatari, mawe yanashushwa. Bi Hatua alivumilia mwezi na nusu, na kwake huo ni uvumilivu wa miaka. Siku moja akajifunga kitambaa kichwani akaenda. Nyapara wa kazi alikuwa mtu mwema. Akamvisha kofia ngumu, akamwambia mama tembea polepole, saruji mbichi.

Alilitafuta shina la nguzo, akalikuta, limezungushiwa kokoto nyeupe. Akafumba macho, akaanza tena kutoka kumi na mbili. Kwenye hatua ya kumi na nne alisikia njia imepanuka, upepo unapita pande zote, hakuna kuta. Akasema moyoni labda bado hazijapandishwa. Kwenye ishirini na saba mguu wake ukagonga ukingo wa jiwe, karibu aanguke. Alipofumbua macho alikuwa amesimama mbele ya bwawa. Bwawa la mviringo, na katikati mabomba ya kurusha maji. Ng'ambo yake, pale pa kizingiti, vibarua walikuwa wanapanda maua.

Alimwuliza nyapara mlango utawekwa lini. Nyapara akashangaa. Akasema hapa hakuna mlango, mama, hapa ni wazi pande zote, mtu anaingia anakotaka. Akafungua mchoro juu ya mfuko wa saruji amwonyeshe, akafunua karatasi iliyobanwa nyuma yake, akaweka kidole pembeni chini, akasema mbona hata mwenyekiti wa familia ameukubali. Bi Hatua alitazama kidole kilipo. Minyoo yote ile hakuielewa. Zile herufi saba alizielewa.

Ofisi ya binti ilikuwa ghorofa ya tatu. Alipanda ngazi bila kuhesabu, na hilo lilikuwa jambo geni kwake. Chumba kilijaa karatasi, gundi na visu vya kukatia kadibodi, na dirishani ulikuwapo mfano mpya: bwawa la kioo, miti ya sifongo, na vijitu vidogo vya plastiki vimekaa kwenye mabenchi vikipunga upepo. Binti alimwona usoni akajua. Akamsogezea kiti, akamsihi akae kwanza.

"Nimeuliza mlango," akasema Bi Hatua, "sijauliza kiti."

Basi binti akaeleza, amesimama, mikono ameishika pamoja. Kiwanja bado ni mali ya wale wale wa kiwanda, jina tu ndilo limegeuka. Wao ndio wanaotoa ardhi, wao ndio wanaotoa mawe. Wanasheria wao waliuona ule mchoro wa kwanza, wakasema mlango uliofungwa ni sawa na kukiri. Ama bustani isiyo na mlango, ama nyasi zibaki nyasi. Mkuu wake wa kazi alimpa siku tatu alete saini ya familia, la sivyo kazi anapewa mwingine, na huyo mwingine asingejua hata shina la nguzo liko wapi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa, mama mkubwa."

"Ndiyo. Mtu huulizwa ili akitaka akatae."

Binti alianza kulia, lakini alilia kwa hasira, kama mtu anayedai chake. Akasema amechoka na nyasi. Akasema tangu akiwa na miaka minne anapita pale na hakuna hata kibao, mbuzi wanakula juu ya watu, na sasa angalau pana jiwe lenye jina. "Aliyekufa ni mama yangu," akasema. "Nami nina haki kwake."

"Unayo. Na yeye alikimbilia mlango. Wewe umemwambia kila atakayepita pale kwamba alikimbilia bwawa."

Chini barabarani mtu alikuwa anagombana na gari lisilowaka. Bi Hatua alisema jambo moja tu la mwisho, na alilisema bila kupandisha sauti. Familia zitaitwa. Binti atakuja asimame, aseme kwa kinywa chake mwenyewe namna saini ile ilivyopatikana. Mengine yote yatasameheka. Binti akafuta uso, akasema atakuja.

Na kweli alikuja. Kamati ilikutania darasani, kwenye shule ya mtaa, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Lakini hakuja peke yake. Alikuja na bwana wa kampuni yenye kiwanja, mtu wa suti, sauti laini kama mafuta ya nywele, akaeleza kwa nusu saa uzuri wa maji na utulivu wa maji. Alipomaliza, mjane wa boharia alinyanyuka. Hakumtazama bwana yule hata kidogo. Alimwuliza binti swali moja: nani aliutoa mlango wetu?

Bi Hatua alikuwa ameketi dawati la mbele. Alimtazama mtoto wake. Aliona anageuza macho kwa bwana wa suti, akayarudisha mezani.

"Mchoro wa pili nilimpelekea mwenyekiti nyumbani," binti akasema, akiiambia meza. "Nilimweleza. Akaridhika, akatia saini."

Kuna kupigwa na mtu mbaya, na hilo lina dawa: unamlaani, unalala. Bi Hatua alikaa pale kama aliyemwagiwa maji ya barafu, anasubiri maneno mengine yafuate, yale yaliyoahidiwa. Hayakufuata. Vichwa vyote vikamgeukia.

Alikuwa na njia moja tu, nayo ilipita juu ya kiburi chake. Akainuka, akashika dawati. Akasema mimi sikuelezwa. Akasema, na kila neno alilitoa kama jino: "Mimi sijui kusoma. Anayenisomea ni huyu. Aliniambia mchoro umeonekana, hakuniambia ni mwingine."

Mjane wa boharia alimgeukia. Kisha akasema, si kwa ukali, kwa uchovu zaidi, "Miaka yote hii unalifungua gazeti kibarazani mbele ya macho yangu. Leo ndiyo hujui kusoma?"

Nyuma mtu akacheka, cheko fupi la puani. Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako, na haikujulikana anamsema nani. Mwanamke mmoja akauliza mtoto umemlea mwenyewe, mnalala nyumba moja, leo hukujua anachokifanya? Binti aliyajua yote mawili, la gazeti na la barua chini ya godoro. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Aliendelea kuitazama meza, na bwana wa suti akasafisha koo akasema nadhani tumeelewana.

Uenyekiti akapewa mjane wa boharia. Alikwenda kwa wakubwa mara tatu na barua, akajibiwa saruji imeshamwagwa. Alirudi amekonda. Hakumsema Bi Hatua tena, na miiba yao iliisha. Walipokutana mferejini walisalimiana vizuri, kwa heshima, kama watu wasiojuana. Hilo Bi Hatua aliliona gumu kuliko matusi.

Bustani ikafunguliwa. Hakwenda, lakini alisikia. Kila mtu alisema ni nzuri, na ilikuwa nzuri kweli, mtoto wake alikuwa na mkono wa ufundi. Maharusi wanakwenda kupiga picha penye maji. Wanafunzi wanasomea mabenchini. Kwenye jiwe pameandikwa kuwa hapa palitokea moto na tunawakumbuka, na chini yake majina, jina la mdogo wake la kwanza kabisa, juu ya wengine wote, mahali ambapo hakuwahi kusimama siku moja ya maisha yake. Wageni huzunguka bwawa, huingia upande huu na kutokea upande ule. Kila aendako mtu, pana njia. Anayejua habari ya kiwewe akifika hapo ataiamini.

Gazeti Bi Hatua aliliacha. Asubuhi alikaa kibarazani mikono mitupu, akitazama barabara, na aliyetaka kumcheka alimcheka.

Binti alikuwa amehamia mjini kati. Mwezi wa tatu baada ya ufunguzi alikuja, kwa miguu, gari ameliacha mbali. Bi Hatua alikuwa anaanika shuka. Binti alisimama upande wa pili wa kamba, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," akasema Bi Hatua, kwa sauti ile ile aliyomwitikia muuza mkaa dakika chache kabla.

Alikuwa amejiandaa, yule mtoto. Alijiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kofi, na yote hayo angeyaweza, maana mtu humtukana wa kwake. Akaanza kueleza kuwa siku ile darasani alishikwa na woga, kuwa kazi ingempotea, kuwa usiku halali. Akasema atakwenda kwa mjane wa boharia aseme kweli, hata leo. Bi Hatua alinyoosha pindo la shuka, akapachika kibanio. Akasema mjane yuko, hajatoka, nyumba ni ile pale. Binti aliitazama nyumba ile, hakupiga hata hatua. Badala yake akasema angependa kumpeleka bustanini akaone jina la mama, siku yoyote atakayotaka, angekuja kumchukua.

"Ahsante sana, bibiye," Bi Hatua akasema. "Nikipata nafasi."

Binti alisubiri. Bi Hatua aliinama, akachukua beseni tupu, akaliegemeza kiunoni.

"Karibu tena," akasema, kwa adabu zote, kama anavyosindikizwa mgeni.